UZI: Mzee aliyedhoofika ndiye anayeiona timu nzima ya afya, na ndiye tusiyemwita tunapoirekebisha

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike arudi baadaye. Jambo lenyewe nimekaa nalo muda, leo naona nilitue hapa.

Mimi ni muuguzi katika huduma za afya ya msingi, na kwa miaka 7 nimo kwenye kamati ya kuboresha huduma ya kituo chetu. Tunafanya kazi kwa timu. Yupo daktari, tupo wauguzi, yupo mfamasia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya anayezungukia majumbani, na dada wa mapokezi ambaye wengi humsahau, wakati ndiye anayekutana na mgonjwa kabla yetu sote. Kila mmoja anaona kipande chake. Daktari anaona dakika zake 10. Mfamasia anaona cheti cha dawa. Anayezunguka majumbani anaona kitanda na choo. Jioni kila mtu anakwenda kwake na kipande chake.

Anayeviunga vipande hivyo ni mgonjwa, tena si kila mgonjwa. Kijana mwenye jipu anaingia, anapasuliwa, anafungwa bandeji, basi. Timu kwake ni watu wawili. Lakini mzee wa miaka 80 na ushee mwenye presha, sukari, moyo unaochoka na magoti yasiyokunjika, huyo anapita mikononi mwetu sote mwezi baada ya mwezi. Pale daktari aliposema hivi na mfamasia akasema vile, ni yeye aliyekuwapo mara zote mbili. Kwa hiyo tukitaka kujua timu yetu imechanika wapi, wa kumuuliza ni huyo. Na kamati yetu, kwa miaka 3 ya mwanzo, haikumuuliza hata mmoja.

Tulidhani tunauliza. Tulibandika tangazo tunatafuta wawakilishi wa wagonjwa, wakaja wanne. Watu wazuri kabisa, wastaafu wenye afya zao, wanaosoma bila taabu na kujua kuzungumza kikaoni. Kwenye mambo ya foleni na usafi wa vyoo walitusaidia sana, siwabezi. Ila hakuna kati yao aliyekuwa anatumia dawa zaidi ya mbili, wala aliyewahi kushindwa na ngazi tatu za mlangoni kwetu. Tukajifunza kituo kinavyoonekana na mtu mzima wa afya.

Ngoja niseme nikitamka "aliyedhoofika" nina maana gani, kwa sababu watu huchanganya na umri. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake huko Marekani waliainisha dalili 5: uzito kupungua bila mtu kukusudia, uchovu usioisha, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo kuwa wa polepole, na shughuli za mwili kupungua. Mwenye dalili 3 au zaidi amedhoofika, mwenye 1 au 2 yuko njiani. Wapo wenye miaka 90 wasio na hata moja, na wapo wa miaka 68 wenye zote. Ubaya wa hali hii ni kwamba jambo ambalo kwa mwingine ni homa ya siku tatu, kwake linaweza kumlaza kitandani na asirudi tena pale alipokuwa.

Sasa zisomeni tena zile dalili 5 kwa jicho la mtu anayeandaa kikao. Anachoka haraka. Anatembea polepole. Hatoki sana nyumbani. Yaleyale yanayomfanya atuhitaji kuliko wengine ndiyo yanayomzuia kuja kukaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki akisomewa muhtasari. Tukiandaa kikao kwa mazoea, tumeshamchuja kabla ya kumwalika.

Kilichotufumbua macho ni mfuko wa dawa. Kuna mama wa miaka 83 ambaye mhudumu wetu alikuwa akimtembelea nyumbani baada ya kuanguka. Safari ya pili nikafuatana naye. Nikamwamkia, nikaketi, nikamwomba anionyeshe anavyokunywa dawa zake. Akaumwaga mfuko juu ya shuka: aina 9. Akaanza kuzipanga kwa rangi na kwa ugumu wa kuzitoa kwenye karatasi zake. "Hii inagoma kutoka, naimeza mjukuu akiwepo. Hizi mbili nyeupe ni za presha, hii ya kituoni kwenu, hii ya hospitali."

Nikazichukua zile mbili nyeupe nikasoma. Majina ya kibiashara mbalimbali, ndani dawa ni ileile. Alikuwa anazimeza zote mbili kila siku kwa miezi 4, na ndani ya miezi hiyo alikuwa ameanguka mara mbili, zote alfajiri, akiinuka kitandani.

Daktari wetu aliandika dawa iliyostahili. Hospitali nao waliandika iliyostahili. Mfamasia akatoa alichoandikiwa. Kosa lilikaa katikati yetu, mahali ambapo palionwa na mtu mmoja tu, aliyeketi kitandani na mfuko mapajani. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, ninyi mnaandika jina la dawa. Mimi jina litanisaidia nini? Niandikieni ni ya nini."

Neno hilo nikalifikisha kwa mfamasia. Tangu hapo kila boksi linalotoka dirishani kwetu limeandikwa kwa kalamu nene: YA PRESHA. YA SUKARI. YA MAUMIVU, UKIHITAJI TU. Mgonjwa akikuta YA PRESHA mara mbili nyumbani kwake, anauliza. Na wanauliza.

Mama yule hakukanyaga kikaoni hata siku moja, lakini ndiye aliyebadilisha dirisha la dawa. Wenzangu wa kazi, mnaouguza wazazi, na hasa wazee wenyewe mliomo humu, ninyi mnalionaje hili?

Mchangiaji wa 2

Natia nanga hapa. Mleta uzi endelea, tupo.

Daktari wa zamu

Mkuu, hoja nimeielewa na moyo wako nauona. Lakini nina mambo mawili.

La kwanza, wazee hawasemi. Nimewahi kuwagawia karatasi za maoni, zote zikarudi na alama za juu kabisa. Ukimuuliza mzee ana kwa ana anakwambia "mnatuhudumia vizuri, Mungu awabariki". Nitaboresha nini kwa dua?

La pili, muda. Nina foleni ya wagonjwa mpaka jioni. Kwenda kuketi kitandani kwa kila mzee aumwage mfuko, nani atabaki kliniki?

Mleta uzi

Daktari, nashukuru kwa kusema wazi, maana hayo mawili ndiyo yaliyotukwamisha na sisi.

Kuhusu kutosema. Mzee anatutegemea. Akigombana nasi leo, wiki ijayo ni sisi tena wa kumpima. Ukimuuliza "huduma zetu ni nzuri?" umemwomba akusifu, naye ana adabu zake, atakusifu. Sisi tuliacha kuuliza kuhusu huduma, tukaanza kuuliza kuhusu siku.

Nilikaa na baba mmoja wa miaka 79, mwenye moyo uliochoka na miguu inayovimba. Alama zake za maoni zote zilikuwa za juu. Nikamwambia: "Baba, nisimulie leo yako, tangu ulipoamka mpaka ulipofika hapa." Akaanzia jana yake. Jana jioni aliacha kunywa maji. Asubuhi hakumeza kidonge cha kukojoza. Mbona, baba? Kwa sababu njiani hakuna pa kujisitiri, na hapa kituoni choo kiko nyuma ya jengo. Ukitoka kwenye foleni, ukirudi jina lako limeshaitwa. Alikuwa akifanya hivyo kila siku ya kliniki, na siku ya kliniki peke yake.

Tazama hapo daktari. Kila tulipompima tulimkuta miguu imejaa na presha iko juu, tukaandika kuwa dawa haimtoshi, tukaongeza. Anarudi nyumbani anakunywa ile iliyoongezwa kila siku, anapata kizunguzungu. Tulikuwa tunatibu foleni yetu wenyewe kwa vidonge.

Dawa ya jambo hilo haikuwa kubwa. Anayekwenda chooni anaacha kadi yake kwa dada wa mapokezi, nafasi yake haipotei. Daktari akamruhusu siku ya kliniki kusogeza kidonge mpaka arudi nyumbani, kisha akashusha dozi taratibu.

Kuhusu muda: hukutakiwa kwenda wewe. Mhudumu anayezunguka tayari yuko kitandani kwa mgonjwa, alichokosa ni swali la kuuliza na mahali pa kulipeleka jibu. Tulimpa vyote viwili. Anauliza "nisimulie siku yako ya kliniki", anaandika mistari mitatu, na kila Jumatatu kabla ya kazi tunasoma mistari hiyo timu nzima tukiwa tumesimama. Dakika 15. Dada wa mapokezi naye anasimama hapo, na mara nyingi ndiye mwenye jibu.

Daktari wa zamu

Hilo la kidonge cha kukojoza limenigusa. Kesho nina wawili wa namna hiyo ambao nimewaongezea dozi mwezi uliopita. Nitawauliza kabla sijagusa kalamu.

Binti anayeuguza

Naomba niongee kwa upande wetu sisi tunaokaa nao. Baba yangu ana miaka 86. Kwa miaka mitano kila mtu wa afya akija anazungumza na mimi. "Baba analala? Baba anakula?" Baba yupo pale pale amekaa. Mwanzoni niliona sawa, najibu haraka, mambo yanakwenda.

Siku moja alikuja kijana wa mazoezi ya viungo. Mimi nikamwambia tunachotaka ni baba asianguke tena, ikiwezekana awe anakaa kitini tu. Yule kijana akamgeukia baba, akachuchumaa usawa wa macho yake, akamuuliza: "Mzee, wewe unataka uweze kufanya nini ambacho sasa huwezi?" Baba akasema anataka kutoka mwenyewe mpaka mlangoni jua likiwa linazama, akae huko, arudi mwenyewe. Hatua 14. Sikuwahi kujua. Nilikuwa namsaidia kutoka kila mara nikiona ndiyo huruma.

Mazoezi yake yote yakapangwa kwa hatua hizo 14. Nilikuwa naogopa mno. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa namsemea baba kwa miaka mitano na nilikuwa namsemea hofu yangu. Kwa hiyo mkitushirikisha sisi ndugu, tushirikisheni, tuna mengi, tunachoka, tunajua dawa zinavyomezwa usiku wa manane. Ila tusihesabiwe kuwa ndiyo sauti ya mzee. Ni sauti ya pili.

Mleta uzi

Dada, nimesoma mara mbili. Kwetu sasa mhudumu akifika anazungumza na mzee kwanza, peke yake ikiwezekana, halafu na anayemuuguza, naye peke yake. Ukiwaweka pamoja mzee anatazama uso wa mwanawe kabla ya kujibu.

Mtu wa takwimu

Samahani wakuu, mimi nasimama upande mwingine kidogo. Mleta uzi, umezungumza na wazee wangapi? Kumi? Kumi na wawili? Huwezi kubadilisha kituo chenye maelfu ya wagonjwa kwa masimulizi ya watu kumi. Ndiyo maana kuna madodoso ya uzoefu wa wagonjwa, yanajazwa na wengi, yanapigwa hesabu, unapata picha ya kweli.

Mleta uzi

Walikuwa 11 kwa nusu mwaka. Ungeniuliza "ni asilimia ngapi ya wazee wana tatizo hili?" nisingekujibu kwa watu 11, na nisingethubutu. Lakini swali langu lilikuwa "tundu liko wapi?", na tundu hulioni kwenye dodoso ambalo limeandikwa na sisi tusiolijua. Hakuna dodoso lililokuwa na kisanduku cha "huwa unaacha kidonge siku ya kliniki?" Nani angekiweka?

Hesabu ilikuja baada ya simulizi. Baada ya mama wa mfuko, mfamasia alitoa mafaili ya kila mzee anayetumia dawa 5 au zaidi, akalinganisha vyeti vyetu na vya hospitali. Akakuta wengine 6 wenye dawa ileile kwa majina mawili. Hapo ndipo hesabu ilipokuwa na kazi. Halafu fikiria na wanaojaza hayo madodoso. Aliyelala kitandani mwezi mzima hayupo kituoni siku ya kugawa karatasi. Asiyeona vizuri anajaziwa na mtu mwingine. Picha inakuwa kubwa, ila wale ninaowasema hawamo.

Mtu wa takwimu

Hilo la nani anabaki nje ya sampuli nakubaliana nawe, nimeliona kazini. Nitaongeza kitu: mkishabadilisha jambo, pimeni. Kuanguka, dozi, waliokosa kliniki. Msikae na furaha ya simulizi tu.

Mwanafunzi wa afya ya jamii

Wakubwa zangu shikamooni. Naomba niweke kipande cha historia, huenda kikasaidia mtu anayemshawishi mkuu wake wa kazi.

Hili si fadhila kwa wazee. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lililoiweka huduma ya afya ya msingi mbele ya dunia nzima, linasema watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Neno "mmoja mmoja" limo. Mzee kitandani mwake ni mmoja.

Na mwaka 1969 Sherry Arnstein aliandika kuhusu ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vipago 8. Vya chini kabisa watu wanachezewa tu, vya katikati wanapashwa habari na kuulizwa maoni lakini uamuzi hauwafikii, vya juu wanashika sehemu ya madaraka. Nikisoma uzi huu nauliza kwa heshima: mleta uzi, wazee wako 11 walikuwa kipago cha ngapi? Waliulizwa. Waliamua nini?

Mleta uzi

Mdogo wangu, marahaba, na swali lako limenikaa kooni. Kwa uaminifu, mwanzoni walikuwa katikati. Tuliuliza sisi, tukachagua sisi lipi lifanyiwe kazi. Kuna mambo matatu waliyoyataka ambayo sisi tuliyaona madogo tukayaweka pembeni, na moja nitalisema chini kwa sababu lilikuja kutusuta. Sasa tuna utaratibu: kila mwezi mhudumu anapeleka mambo matatu yaliyojitokeza kwa wazee wenyewe, anawasomea, nao wanachagua la kuanza nalo. Kamati hairuhusiwi kubadilisha waliloanzia. Ni hatua, haijafika juu.

Mhudumu wa majumbani

Mimi ni wale wanaozunguka. Watu huniuliza, na wale waliopoteza kumbukumbu je? Hao mnawashirikishaje, si watasahau mlichozungumza?

Nitasimulia kimoja. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa huduma jumuishi kwa wazee, unatazama mwendo, lishe, macho, masikio, kumbukumbu, na kama mzee ana huzuni au sonona. Kwenye mwendo kuna kipimo chepesi: mzee anasimama kutoka kitini mara 5 bila kujisaidia kwa mikono, ikichukua zaidi ya sekunde 14 au akishindwa, anahitaji kuangaliwa zaidi. Nilikuwa nampima bibi mmoja kituoni, kumbukumbu zake zimekwenda, jina langu hajui. Alishindwa mara ya pili. Nikadhani amechoka. Akanishika mkono, akanitoa nje ya chumba polepole, akanipeleka kwenye benchi la kusubiria. Akaketi, akajaribu kuinuka, akashindwa. Akalipigapiga benchi kwa kiganja, akaniangalia.

Lile benchi ni la chini na halina pa kushika. Nilikaa hapo nusu saa nikitazama. Jina linaitwa, mzee anaanza kuinuka, anayumba, anajaribu tena, jina la pili linaitwa, mtu mwingine anaingia. Wazee walikuwa wanapoteza zamu kwa sababu ya urefu wa benchi. Bibi hakuwa na maneno ya kuniambia, akanionyesha.

Kwa hiyo kwa wenye kumbukumbu hafifu mimi siketi nikauliza. Natembea nao mahali penyewe. Naomba ruhusa upya kila ninapofika, hata kama jana walikubali. Uso ukikunjamana naacha. Na sichanganyi maswali mawili.

Mleta uzi

Benchi ndilo lile jambo nililosema. Mzee mwingine alikuwa ameshalitaja miezi 5 kabla: "mngeinua pale pa kukalia." Tukaandika, tukaona ni suala la fenicha, la uboreshaji wa huduma litakuja. Bibi asiye na kumbukumbu ndiye aliyetukumbusha. Tuliweka viti 6 vyenye mikono karibu na mlango wa daktari.

Mzee wa miaka 81

Anayeandika ni mjukuu wangu. Mimi nasema, yeye anabonyeza.

Nimesikia yote mliyoandika, amenisomea jana na leo. Mimi nimewahi kuitwa kwenye hivyo vikao. Niseme ilivyokuwa. Walikuwa watu nane na wote walizungumza kwa pamoja. Sikio langu la kulia limekufa. Waliniweka upande ambao wanaozungumza wako kulia. Nilitikisa kichwa muda wote. Wakaandika kuwa nimekubali.

Kikao kilikuwa asubuhi sana. Asubuhi viungo vyangu vimekaza, saa nne ndipo nakuwa mtu. Nauli nilijilipia, nikarudishiwa baada ya kuulizia mara tatu, na kuulizia ni aibu kwa mtu mzima.

Mkitaka kuniuliza, niambieni siku mbili kabla mtaniuliza nini, nilale nalo. Ukiniuliza ghafla nitakujibu jambo la kwanza linalonijia, na jambo la kwanza huwa ni shukrani. Njooni wawili, si nane. Mmoja aulize, mwingine aandike. Mkae nikiwaona midomo. Mambo ya kukojoa msiniulize mbele ya mkwe wangu.

Halafu kubwa kuliko hayo. Nimeulizwa mara tatu na watu watatu mbalimbali. Hakuna aliyerudi kuniambia alichofanya na maneno yangu. Mtu akikuuliza mara tatu na asirudi, mara ya nne unamwambia "kila kitu kizuri" ili aondoke upumzike. Rudini hata kama hamkufanya kitu. Njooni mseme "babu, lile limeshindikana kwa sababu hii". Na msichukue miezi sita. Miezi sita yenu na miezi sita yangu si sawa.

Mleta uzi

Shikamoo babu. Nimeyachapisha maneno yako na Jumatatu yatasomwa tukiwa tumesimama wote. Kati ya wazee wetu 11, tuliowarudia ni 7. Wawili walikuwa wameshafariki tulipokuwa bado tunajadiliana. Wawili hatukurudi kwao kabisa, hakuna sababu nitakayoitoa ikaeleweka. Wiki hii tunakwenda.

Mchangiaji wa 9

Mimi ni mfamasia mahali padogo, tupo watatu tu. Hatuna kamati wala mhudumu wa kuzunguka. Mtu kama mimi aanzie wapi? Naomba jibu la vitendo.

Mleta uzi

Usianze na kikao. Chukua daftari la miadi, tafuta mzee aliyekosa siku mbili mfululizo. Waliokosa ndio wanaojua zaidi, maana kuna kitu kiliwashinda. Chagua mmoja tu. Mpigie, lakini fuata neno la babu hapo juu, saa nne. Usimwulize kwa nini hakuja, atadhani unamgombeza. Mwambie: "Mama, mimi ni fulani wa dirisha la dawa. Natengeneza dirisha langu liwe rahisi kwa watu kama wewe. Keshokutwa nitakupigia tena unisimulie mara ya mwisho ulipokuja, tangu ulipotoka mlangoni kwako." Kata simu. Keshokutwa piga kweli.

Andika anavyosema yeye, usitafsiri kwa lugha yetu ya hospitali. Akisema "dawa ile inayonizungusha", andika hivyohivyo. Wasomee wenzako wawili siku hiyohiyo, mchague kitu kimoja kinachowezekana ndani ya wiki. Kikishafanyika, au kikishindikana, mpigie tena umwambie. Baada ya hapo mwombe akutajie mwenzake anayetaabika kuliko yeye. Wanajuana.